Nimetumia eBird kufuata mabadiliko ya majina ya ndege, huu ndo uzoefu wangu

Wadau wa ndege, kila mwaka ikifika ile apdeti ya uainishaji naona watu wanapaniki, mbona listi yangu imepungua, mbona jina la ndege wangu limebadilika, nani kaamua. Mi natumia eBird muda mrefu sasa na nimepitia apdeti kadhaa nikiwa humo humo, kwa hiyo leo naongelea upande huo tu, ramani na picha siyagusi.

Kwa asiyeijua, eBird ni tovuti na programu ya simu ya kurekodi ndege, ni ya bure, inaendeshwa na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, ipo tangu 2002. Unaandika umeona ndege gani, wapi, saa ngapi, wangapi, basi. Halafu mara moja kwa mwaka, miaka ya karibuni mara nyingi Oktoba hivi, orodha nzima ya spishi za dunia inapitiwa upya: zipo zinazogawanywa, zipo zinazounganishwa, na zipo zinazohamishwa jenasi tu (jenasi ni kundi la spishi zilizo jamaa, ndo neno la kwanza la jina la kisayansi).

Chukua babewana, yule bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Kwenye orodha hii alikuwa spishi moja karibu dunia nzima, Tyto alba. Apdeti ya 2024 ikamgawa watatu, wa Amerika akawa Tyto furcata, wa Afrika na Ulaya akabaki na Tyto alba, na wale wa Asia ya kusini kushuka mpaka Australia wakawa Tyto javanica. Sasa kilichonifurahisha ni kwamba hakuna kazi uliyoachiwa wewe. Mfumo unaangalia ulimwonea wapi, na kwa vile hawa watatu kila mmoja ana upande wake wa dunia, rekodi zinajipanga zenyewe. Ukifungua rekodi ya zamani unakuta tarehe ileile, saa ileile, idadi ileile, maelezo uliyoandika chini yapo vilevile, kilichobadilika ni jina tu. Na kama uliwahi kumwona babewana mabara mawili tofauti, listi yako inaongezeka spishi bila kutoka nyumbani.

Yangeyange wa ng'ombe naye hivyohivyo, 2023 akagawanywa wa magharibi na wa mashariki, na mwaka uliofuata wakatolewa kwenye jenasi Bubulcus wakaingizwa Ardea pamoja na makorongo wakubwa. Hawa wawili wakiwa kwenye manyoya ya kuzaliana unawatofautisha kwa macho kabisa: wa mashariki rangi ya dhahabu inashuka mpaka mashavuni na kooni, wa magharibi inakaa utosini, kifuani na mgongoni lakini mashavu yanabaki meupe. Miaka yote watu walikuwa wanaona tofauti hiyo wanaipita tu kwa sababu listi haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Upande wa kupoteza pia upo na inauma, siwezi kuficha. Kuna wale vindege wadogo wa kaskazini ya mbali, jenasi Acanthis, wenye doa jekundu kwenye paji la uso. Zamani walihesabiwa spishi tatu, 2024 zikawa moja. Watu walisimama kwenye baridi kali kumsaka yule mweupe zaidi ili wamwandike kivyake, leo wote ni Acanthis flammea. Lakini sababu yake nimeielewa na nimeikubali, utafiti wa DNA ulionyesha tofauti zao za rangi na mdomo zinafuatana na kipande kimoja cha kromosomu kilichogeuka, sehemu nyingine za jenomu hazitengani kivile. Na ule weupe ulioandika kwenye rekodi yako bado una thamani kwa anayechunguza jambo hilohilo.

Pa kuwa makini sasa, na hapa ndo wengi wanalalamika. Spishi ikigawanywa na pande mbili zinakutana sehemu moja, mfumo haubahatishi, rekodi yako inapewa jina la mkwaju, yaani majina yote mawili yakiwa na alama ya / katikati. Mfano Vireo gilvus, ndege wa Amerika Kaskazini, apdeti ya 2025 imemgawa mashariki na magharibi, kwa sura wanafanana mno, wanachotofautiana zaidi ni wimbo, na huko Alberta, Kanada wanakutana. Aliyeandika jina tupu pale wanapokutana anabaki na Vireo gilvus/swainsoni ambayo haihesabiwi kama spishi mpaka aithibitishe, ila aliyerekodi sauti kwa simu yake akaiambatanisha anarudi, anasikiliza, anachagua. Binafsi naona wamefanya haki, afadhali mkwaju kuliko jina la kukisia. Kuna programu nyingine ya kulipia niliyokuwa natumia, siitaji, yenyewe baada ya mgawanyo iliacha majina ya zamani kimya kimya na nilipowaandikia hawakujibu, nikahama.

Kingine ambacho kimenipa raha ni AviList, orodha moja ya pamoja ya ndege wa dunia, iliyotoka Juni 2025. Kabla ya hapo kulikuwa na orodha kubwa zinazopishana, ya IOC (hii ni ya wanasayansi wa ndege, siyo ya Olimpiki), ya Clements ambayo ndo eBird wanaitumia, na ya BirdLife, yaani ndege mmoja huku spishi kule nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi), mkilinganisha listi mnabishana mpaka jioni. AviList imezileta pamoja, spishi 11,131, unaipakua bure, na apdeti ya eBird ya 2025 imefuata huko. Kwa sisi tusio wanasayansi hili ni jambo kubwa sana, na kwa uhifadhi pia, maana tathmini za hatari ya kutoweka zinafanywa spishi kwa spishi, kundi dogo la kisiwani likiwa limefichwa ndani ya spishi iliyoenea dunia nzima ni rahisi sana kusahaulika.

Mpangilio wa orodha utakusumbua mwanzoni kama umezoea vitabu vya zamani. Kozi usimtafute kando ya mwewe na tai, yuko jirani na kasuku, DNA ndo iliyosema hivyo, na heroe wamekaa pamoja na vibisi. Nenda kwenye mipangilio uchague majina yaonekane ya kawaida na ya kisayansi pamoja, utaweza kumfuatilia ndege hata jina moja likibadilika.

Nyota tano kutoka kwangu kwa upande huu. Ushauri kwa anayeanza: ukiwa na uhakika wa kundi la nususpishi andika hilo badala ya spishi tu, mfumo unaruhusu, mgawanyo ukija rekodi inaenda moja kwa moja panapostahili. Maelezo ya manyoya na sauti usiyaruke. Pakua nakala ya data zako zote kabla ya apdeti, na wakati apdeti inapoendelea majina yanaweza kuonekana yamechanganyika kidogo kwa hiyo usianze kuhariri chochote, subiri watangaze wamemaliza ndo uingie, na uanze na zile za mkwaju.