TAHADHARI: Dikoda za treni za modeli zinazouzwa Mombasa kama mpya, kumbe zimeungua

Wapenzi wa treni za modeli hapa Mombasa, na nyinyi wa Kilifi na Malindi mnaoagiza kutoka huku, tafadhali someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza dikoda za DCC (mfumo wa kuendesha treni za modeli kwa amri za kidijitali; dikoda ni kibao kidogo ndani ya kichwa cha treni kinachopokea amri hizo), anasema ni mpya kutoka Ulaya. Ile niliyoipima mimi si mpya: ilichomolewa kwenye kichwa cha treni cha mtu mwingine ikiwa imeungua, ikavalishwa mpira upya na kutiwa kwenye kipakiti safi. Bei yake inavutia, na anakubali mkutane mjini aipime mbele ya macho yako. Mchezo wenyewe umo humo kwenye kupima.

Kijana wa mtaani kwetu Majengo alinunua moja. Muuzaji aliichomeka kwenye kichwa cha kijana, akakiweka juu ya kipande kifupi cha reli, taa ya mbele ikawaka. Akageuza mwelekeo, ikawaka ya nyuma. "Si waiona, iko sawa." Mota haikujaribiwa, eti reli ni fupi, kichwa kitaanguka chini. Kijana akalipa. Kufika nyumbani taa zinawaka vilevile, lakini kichwa hakisogei. Alipompigia simu akaambiwa kichwa chake kina shoti, ndicho kilichoichoma dikoda.

Hapo ndipo alipokileta kwangu.

Kwanza mjue kwamba ndani ya dikoda taa na mota haziendeshwi na kitu kimoja. Taa zina transista zake ndogo, yaani swichi za umeme. Mota ina transista zake nne, zinazopokezana kuupeleka umeme huku na huku ili kichwa kiende mbele au kirudi nyuma, na hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Zikiungua, chipu inayopokea amri yaweza kubaki nzima kabisa. Itakusikia, itawasha taa, itazima taa, lakini mota haitazunguka. Kwa hivyo anayekuonyesha taa peke yake hajakuonyesha kama dikoda ni nzima.

Hiyo shoti niliitafuta sikuiona. Nilichomoa dikoda nikapima kwa mita kati ya kila ncha ya mota na magurudumu ya kila upande: hakuna mguso wowote. Nikachomeka plagi tupu ya pini 8, inayopeleka umeme wa reli moja kwa moja kwenye mota, mahali pa dikoda, nikakipa umeme wa kawaida wa volti 12, kikaondoka vizuri mbele na nyuma. Nikakikamata magurudumu yasizunguke, na mkondo haukufika ampea 1 ambayo dikoda ya aina ile inatakiwa kuibeba. Kichwa ni kizima.

Dikoda yenyewe ilijieleza. Mpira wake ulikatwa kwa mkasi, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na waya wa rangi ya machungwa na wa kijivu, yaani wa mota, zililehemiwa upya na bado zinanata. Nilipouinua mpira kwa ncha ya wembe nikakuta chipu moja ina kitundu katikati, ubao umepiga rangi ya kahawia pembeni yake, na harufu ya kuungua bado imo.

Halafu nikamuuliza kijana: alipoijaribu, alibonyeza namba gani kwenye kontrola? 47. Jamani, dikoda ikitoka kiwandani huitikia anwani 3 (namba ya kuiitia kwenye kontrola), ndivyo viwango vya NMRA, chama cha treni za modeli cha Marekani, vinavyotaka. Inayoitikia 47 imeshapangiwa na mtu mwingine.

Tulimfuata pamoja, nikampimia mbele yake. Akasema mali ikishatoka mkononi hairudi, na jioni ile akatublock sote wawili. Hana duka wala till. Pesa hutumwa kwa namba ya simu, na namba anazibadilisha.

Mkikutana na muuzaji yeyote, nendeni na balbu ndogo ya dashibodi ya pikipiki, ya volti 12. Iungeni kati ya waya wa machungwa na wa kijivu, pandisheni mwendo polepole; ikiwa transista za mota ni nzima, mwanga utaongezeka, na mkigeuza mwelekeo utawaka tena. Kisha mwambieni asome CV8, namba ya kiwanda iliyohifadhiwa ndani ya dikoda, kwenye reli ya kupangia (kipande cha reli cha kusomea na kubadilishia mipangilio ya dikoda), balbu ikiwa bado imeungwa. Dikoda hujibu kwa kuvuta umeme kidogo, kwa kawaida kupitia njia ya mota, kwa hivyo iliyoungua njia hiyo mara nyingi itanyamaza. Ikijibu, namba yenyewe inataja kiwanda: ESU ni 151, Zimo 145, Lenz 99. Akikuuzia Zimo na namba ikaja nyingine, ondoka. Akikataa kupima hivi, ondoka pia, hata kama bei ni nusu.

Kwa aliyekwisha kununua: usiuvue mpira wala usiitupe dikoda. Ipige picha ilivyo, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote ya WhatsApp hata kama amekublock, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB. Kijana wetu ameshaandikisha. Tukiwa wengi wenye ushahidi wa aina moja, itakuwa vigumu kwake kusema kila kichwa Mombasa kina shoti.