Bioinfomatiki Ujerumani: Berlin au Tübingen?

Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na kutaka shahada ya kwanza ya bioinfomatiki, yaani kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta, tofauti inaanzia kwenye ada. Freie Universität Berlin haitozi karo, mchango wa muhula tu. Chuo Kikuu cha Tübingen kiko Baden-Württemberg, jimbo linalotoza euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Kwa mihula sita ya shahada hii ni euro 9,000.

Usiamue haraka, lakini. Gawanya hizo 9,000 kwa miezi 36 upate 250. Kodi ya chumba Berlin ikizidi ya Tübingen kwa kiasi hicho kila mwezi, unafuu umeyeyuka. Kwa hiyo omba hosteli ya wanafunzi mara tu upatapo barua ya udahili. Foleni ni ndefu kote kuwili.

Kimasomo hakuna aliye nyuma. SeqAn, maktaba ya msimbo wa kuchambua mfuatano wa DNA, ilizaliwa Berlin, na MEGAN, programu ya kuchambua jenomu za vijidudu, Tübingen.

Kinachokwamisha wengi ni lugha: shahada hii ya kwanza hufundishwa hasa kwa Kijerumani, hivyo tenga fedha za kozi ya Kijerumani na mtihani wa lugha hiyo wa kuingilia chuo, DSH au TestDaF. Karo ikifutwa, hilo halifutiki.