Bromidi ya Zinki au Fometi ya Sesiamu?

Kisima cha mafuta au gesi chenye shinikizo kubwa kinapokamilishwa, yaani kinapoandaliwa kuanza kutoa, huhitajika kimiminika kizito cha kuzuia shinikizo hilo, kisicho na chembe ngumu, ili kisizibe vinyweleo vya mwamba. Myeyusho wa chumvi ya bromidi ya zinki ukichanganywa na wa bromidi ya kalsiamu hufikia takriban gramu 2.3 kwa sentimita ya ujazo, na ule wa fometi ya sesiamu, chumvi nyingine, huukaribia. Kwa hiyo uzito pekee hauamui.

Kwa bei ya kununua, zinki inashinda waziwazi. Sesiamu ni metali adimu, ndiyo maana fometi yake mara nyingi hukodishwa, ikarudishwa na kusafishwa.

Katika utunzaji mambo hugeuka. Myeyusho wa zinki una asidi, hula chuma, huunguza ngozi na macho, hudhuru viumbe wa majini, na ukikutana na salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu inayopatikana katika baadhi ya visima, hutoa mashapo. Fometi ina ualkali, nayo hukubali kabonati zinazolinda chuma hata kwenye joto kali. Kwangu hiyo ni faida kubwa mno.

Kazi fupi nchi kavu, penye joto la wastani na utaratibu thabiti wa kutupa taka, yaweza kutosheka na zinki. Baharini, kwenye joto kali na mabomba yatakayolowa kwa miezi, fometi hustahili gharama yake, isipokuwa mwamba unameza kimiminika, kwa sababu kinachopotea ardhini hulipiwa chote.