Nyonga za mbwa mchanga: vidonge au maji ya Kivu?

Simba ana miezi 10, ni mbwa mchungaji wa Kijerumani. Akipanda ngazi za kwetu hapa Himbi, Goma, huirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Tatizo lake ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu la nyonga, kinalegea na kusugua.

Dawa ya maumivu kama meloksikamu ina sifa moja kubwa: haraka. Kesho yake Simba aliinuka bila kulia. Lakini ni ya kuandikiwa na daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito, pamoja na chakula. Akitapika au akitoa kinyesi cheusi, acheni mara moja. Ibuprofeni ya binadamu msimpe kamwe, ni sumu kwake.

Kupunguza uzito na kuogelea huchukua wiki nyingi, ila uzito mdogo huipunguzia nyonga mzigo, na kuogelea hujenga misuli ya kuishika. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote: waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuchakaa. Tena mawe ya volkano ya Nyiragongo ni makali kwa kutembea, ila maji ya Ziwa Kivu humbeba. Namshika kifuani kwa mkono, dakika tano tu, kisha namkausha. (Njiani epukeni mashimo yenye mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini; hutanda chini, usawa wa pua ya mbwa.)

Nimechagua maji na bakuli dogo. Vidonge, kwa ruhusa ya daktari, ni vya siku anaposhindwa kusimama.