Prettier: weka mapema, na uiweke sawasawa

Prettier ina kazi moja. Husoma faili ya JavaScript, TypeScript, CSS au HTML, ikaelewa muundo wake, kisha ikaiandika upya kwa mpangilio wake yenyewe. Tangu itoke mwaka 2017 imeokoa saa nyingi sana za ubishi: nafasi 2 au 4, nukta mkato iwepo au isiwepo. Mradi wa wavuti wenye watu wawili au zaidi unaihitaji tangu siku ya kwanza, ili anayekagua msimbo wa mwenzake atafute hitilafu badala ya kuhesabu nafasi.

Isakinishe hivi: `npm install --save-dev --save-exact prettier`. Wengi huacha `--save-exact`. Bila hiyo, toleo linaweza kupanda lenyewe vifurushi vinaposasishwa, na hata toleo dogo huweza kubadili namna mistari inavyokatwa. Matokeo yake, watu wawili wenye matoleo tofauti watakuwa wanageuziana faili zilezile kila wanapohifadhi.

Weka pia faili ya mipangilio, `.prettierrc`, hata ikiwa na `{}` tu, ili vihariri vijue mradi unatumia Prettier. Usiijaze mapendeleo. Mipangilio ya kawaida (mstari wa herufi 80, nafasi 2, na alama za nukuu za `"`) inatosha, na uchache wa mipangilio ndio uzuri wa chombo hiki.

Kwenye mradi wa zamani ndipo pa kuwa makini. Kwanza unganisha matawi ya Git yaliyo wazi (kazi zinazoendelea kando), la sivyo migongano itajaa kila faili. Endesha `npx prettier . --write` katika komiti (rekodi ya mabadiliko kwenye Git) ya peke yake, isiyo na badiliko jingine lolote. Chukua namba ya komiti hiyo, iandike kwenye faili `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs` (Git 2.23 kwenda juu). Ukiruka hatua hii, `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itamtaja aliyeendesha Prettier kwenye karibu kila mstari, na historia ya nani aliandika nini na kwa nini itakuwa ngumu kufuatilia.

Kama mnatumia ESLint, chombo cha kutafuta makosa kwenye msimbo, sakinisheni `eslint-config-prettier` na kuiweka mwisho kabisa kwenye mipangilio. Inazima kanuni za mwonekano zinazogombana na Prettier. ESLint yenyewe ibaki, kwa sababu Prettier haijui kama umesahau `await` wala kama kigezo fulani hakitumiki.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye HTML. Lebo kama `span` na `a` zikiwa ndefu, alama ya `>` husukumwa hadi mstari unaofuata, na macho hukataa. Haifanyi hivyo kwa uzembe: nafasi kati ya lebo hizo huonekana kwenye kivinjari, kwa hiyo haithubutu kuiongeza. Ukiweka `htmlWhitespaceSensitivity` kuwa `ignore`, msimbo utapendeza, lakini viungo vilivyoshikana vinaweza kuachana ukurasani. Afadhali uvumilie ule mwonekano. Kwenye JavaScript, kwa jedwali la namba ulilolipanga kwa mkono, `// prettier-ignore` juu yake inatosha.

Mwisho, seva inayojaribu msimbo kila unapotumwa (CI) iendeshe `npx prettier . --check`. Amri hii haibadilishi kitu. Inakataa tu faili isiyopangwa, kabla mkaguzi hajaifungua.