Adapta ya VGA kwenda HDMI kwa kompyuta mpakato ya zamani

Kompyuta mpakato yenye tundu la VGA pekee, lile la buluu lenye vishimo 15, huweza kuunganishwa na tundu la HDMI, linalopokea picha na sauti kidijitali, kwenye runinga bapa kwa adapta hii ndogo. Kwa kuwa VGA, iliyoanza mwaka 1987, hupitisha picha ya analogia bila sauti, adapta huja na waya wa USB wa kuipatia umeme na mwingine wa sauti unaochomekwa kwenye tundu la hedifoni. Ukiusahau huo wa pili, utatazama filamu bubu. Picha hutokea ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P kisha kuchagua Duplicate (kuonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili), na kwa filamu inaridhisha kabisa, ingawa maandishi madogo huonekana yamefifia kidogo. Kinachokera hasa ni ufupi wa waya wa umeme, unaoiacha adapta ikining'inia na kulilegeza tundu.