Poka ya karata saba: kwenye simu au mkekani?

Nimejifunza kwa njia zote mbili, nyumbani hapa Temeke. Programu ya simu ni nyepesi: inachanga, inagawa, inakuambia nani kashinda. Tatizo, inakufanyia kila kitu.

Mkekani ni kazi nyingine. Kila mtu anapewa mbili za kufunika na moja ya wazi. Mwenye ya wazi ndogo kuliko zote ndiye analazimika kuanza kuweka dau. Zinafuata tatu za wazi, moja moja, kisha ya saba inafunikwa. Raundi 5 za kuweka (sisi tunaweka vizibo vya soda, siyo hela), halafu unachagua karata 5 bora kati ya 7 zako.

Karata za wazi za aliyejitoa zikitupwa hazirudi kuonekana, lazima uzikumbuke. Juzi nilishika kopa nne nikingojea ya tano, ili zote tano ziwe za aina moja. Shemeji akacheka: kopa saba zilishapita mkekani, mimi naangalia feni.

Simu haina shemeji. Ila mkijaa 8 barazani, karata 52 hazitoshi wote wakibaki hadi mwisho. Hapo mmoja akachemshe chai.